Bastola si mlinzi wa mwanamke nyumbani

Kila inapotangazwa habari ya mwanamke aliyeuawa ndani ya nyumba yake, huzuka watu wenye kuuliza: kwa nini wanawake wasijihami kwa bastola? Swali hili husikika katika matatu, katika vyumba vya walimu na hata katika midahalo ya wanafunzi wa shule za upili. Punde si punde mazungumzo huhamia kwenye aina ya bastola imfaayo mwanamke: ndogo au kubwa, nyepesi au nzito. Sisi twaona swali hilo lastahili kujibiwa kwa makini wala si kwa kejeli, kwani hofu inayolizaa ni hofu ya kweli.

Tuanze na Marekani, nchi ambako jambo hili limejaribiwa kwa miaka mingi. Mnamo mwaka 1989 kampuni ya Smith & Wesson ilianza kuuza bastola iliyoipa jina la LadySmith kwa makusudi ya kuwavuta wanawake. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba Katiba humpa raia haki ya kuweka bastola nyumbani ili ajikinge. Mwanamke wa huko akiingia dukani hakosi mshauri, na aghalabu huelekezwa kwenye bastola ndogo iwezayo kutiwa mkobani. Lakini mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Wajuzi wa silaha wenyewe hukiri kwamba bastola nyepesi hupiga teke zaidi mkononi kuliko iliyo nzito, na kumshinda asiyeizoea. Bastola ya magazini huhitaji nguvu za vidole na kiganja ili kuiweka tayari kupiga. Ile ya silinda ni sahili kutumia, ila kwa kawaida hubeba risasi 5 au 6 tu. Zote huhitaji mazoezi ya mara kwa mara, na mazoezi hayo hugharimu fedha na wakati. Mwalimu mwenye watoto na vitabu vya kusahihisha kila usiku atavipata wapi?

Hata tukichukulia kwamba amevipata, ataiweka wapi silaha hiyo? Akiifungia ndani ya kasha la chuma, na risasi mahali pengine, hataifikia upesi mlango unapovunjwa gizani. Akiilaza chini ya mto, imo mikononi mwa kila mwenye kuingia chumbani: mtoto mtundu, kijakazi, mgeni na mume. Fauka ya hayo, risasi haijui mpaka wa nyumba. Katika mitaa yetu ambako kuta ni za mabati au mbao, risasi ikimkosa mwizi yaweza kumpata mtoto wa jirani kitandani mwake.

Ushahidi wa watafiti nao ni mzito. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliofuatilia maisha ya watu wazima milioni 17.6 wa jimbo la California kati ya mwaka 2004 na 2016. Watafiti waliwalinganisha watu wasio na bastola lakini wanaoishi na mwenye bastola, na wale ambao nyumba zao hazina silaha kabisa. Ilibainika kwamba kundi la kwanza lilikuwa na uwezekano mara 7 zaidi wa kupigwa risasi na kuuawa na mume, mke au mpenzi. Katika kila watu 100 waliouawa hivyo, 84 walikuwa wanawake. Utafiti mwingine wa jimbo hilohilo, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wanawake wanaomiliki bastola walikuwa na uwezekano mara 35 zaidi wa kujiua kwa risasi kuliko wanawake wasiomiliki. Silaha iliyonunuliwa kwa ajili ya adui wa nje humgeukia mwenyewe katika usiku wa huzuni.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Anayependekeza bastola humwona adui akivunja mlango kutoka nje. Lakini wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa na wapenzi au jamaa zao duniani kote katika mwaka 2023, yaani takriban 140 kila siku. Muuaji wa namna hiyo havunji kufuli. Ana ufunguo. Anajua fedha huwekwa wapi, na bila shaka atajua bastola imewekwa wapi.

Sisi wenyewe tumeyaona. Mwanariadha Agnes Tirop alidungwa kisu nyumbani kwake Iten mwezi wa Oktoba mwaka 2021, na aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo ni mumewe. Rebecca Cheptegei, aliyeiwakilisha Uganda katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake katika kaunti ya Trans Nzoia mwezi wa Septemba mwaka 2024. Aliyetuhumiwa alikuwa mpenzi wake wa zamani, ambaye naye alikufa kwa majeraha ya moto huohuo. Visa hivi havikuwa vya wezi wa usiku wasiojulikana.

Yupo atakayesema: je, mwanamke aishiye peke yake, mbali na kituo cha polisi? Hoja yake ina uzito. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimkatazi kuomba leseni, mradi aithibitishie bodi inayohusika kwamba ana sababu ya haki na kwamba hatakuwa hatari kwa wengine. Aliyeipata kihalali hatumlaumu. Twamsihi tu achague silaha ambayo mkono wake umeijaribu na kuimudu, wala si ile iliyosifiwa dukani. Aifungie, na ufunguo asimpe yeyote. Na siku ugomvi au majonzi yatakapoingia nyumbani, silaha hiyo itoke, ikabidhiwe polisi.

Hata hivyo, usalama wa mamilioni ya wanawake hauwezi kununuliwa dukani, mmoja mmoja, kwa bei ambayo wengi hawaimudu. Tunayo Sheria ya Kujikinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, inayomwezesha anayetishwa kuomba amri ya mahakama ya kumlinda. Sheria hiyo hugeuka karatasi tupu pale afisa anapomwambia mwanamke mwenye jeraha arudi nyumbani akapatane na mumewe. Maelfu walioandamana katika miji yetu tarehe 27 Januari mwaka 2024 hawakudai bastola. Walidai kwamba mwanamke akitishwa asikilizwe, na akiuawa kesi yake isiozee mahakamani.

Kwenu walimu na wanafunzi, hoja hii ikiletwa tena ukumbini, msianze kwa kuuliza ni bastola gani. Ulizeni kwanza ni nani anayemtisha mwanamke huyo, amemwambia nani, na aliyeambiwa amefanya nini. Mvulana afundishwe mapema kwamba kukataliwa si kudharauliwa, na msichana ajue kwamba kushtaki tishio la kwanza si kuivunja nyumba. Jirani asikiapo kilio asiongeze sauti ya redio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tunaujengea makaburini.