Ubingwa Usibaki Kambini

Katika misimu 12 ya Ligi Kuu ya Zanzibar iliyomalizika baina ya mwaka 2013 na mwaka 2024, kombe lilikwenda katika kambi za Vikosi vya SMZ mara 11. KMKM walilichukua mara sita: 2013, 2014, 2019, kisha mara tatu mfululizo 2021, 2022 na 2023. JKU walilitwaa mwaka 2017, 2018 na 2024. Mafunzo walilipata mwaka 2015, na Zimamoto mwaka 2016. Ni mwaka 2020 tu ambapo klabu ya raia, Mlandege, ilipenya katikati ya safu hiyo. Na ndiyo hiyo hiyo iliyorudi mwaka 2025 ikatwaa ubingwa tena.

Wanaofuata mpira wa kikapu wataikumbuka hesabu inayofanana na hii. Boston Celtics ya Marekani ilitwaa ubingwa wa nchi ile mara 11 katika misimu 13, tangu 1957 mpaka 1969, na nane kati ya hizo zilifuatana bila ya kukatika. Nguzo ya timu hiyo alikuwa Bill Russell, mtu mweusi mrefu ambaye kazi yake kubwa uwanjani ilikuwa kuzuia na kudaka mipira inayorudi, wala si kujitafutia pointi. Mwaka 1961 timu ilikwenda Lexington, Kentucky, kucheza mchezo wa kirafiki. Wachezaji weusi wakakataliwa kuhudumiwa katika mkahawa wa hoteli waliyofikia. Russell na wenzake weusi wakafungasha mizigo yao wakarudi makwao bila ya kucheza. Mwaka 1966 Russell huyo akafanywa kocha wa Celtics, na hapo kabla hapakuwahi kuwa na kocha mweusi katika ligi ile. Kwa hiyo mabingwa wale waliacha nyuma yao kitu zaidi ya makombe ya kupanga kabatini, na sisi twaona ni haki kuuliza mabingwa wetu wameacha nini.

Hatuandiki haya ili kulaumu. Mshindi halaumiwi kwa kushinda, na yapasa kwanza tuseme ukweli ambao wapinzani wa timu za vikosi hupenda kuuruka. Mchezaji wa KMKM au wa JKU ni mfanya kazi. Ana mshahara wa mwezi. Akivunjika mguu uwanjani hageuki ombaomba siku ya pili yake, na umri ukimtoa katika mpira bado kazi yake anayo. Mwenzake wa klabu ya mtaani hutegemea michango ya wapenzi, nauli ya kuazima, na ahadi za mfadhili ambaye leo yupo na kesho hayupo. Mwaka 2010 ubingwa ulikwenda kwa Zanzibar Ocean View, na mwaka 2012 kwa Super Falcon ya Pemba; majina hayo hayasikiki tena katika mbio za ubingwa. Basi mwenye kudai kwamba vikosi viondolewe katika ligi anadai kwamba wachezaji wenye mkate wanyang'anywe mkate wao ili wafanane na wasio nao. Usawa wa namna hiyo hatuutaki hata kidogo.

Lakini twende Kizimkazi. Ni kijiji cha wavuvi kusini kabisa mwa Unguja, chenye vitongoji vya Dimbani na Mkunguni, na msikiti ambao maandishi ya kibla chake yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Wageni huenda huko kutazama pomboo. Jioni, maji yakitoka, vijana huuchukua mchanga ulioachwa na bahari wakaufanya uwanja, wakacheza mpaka giza liwafukuze. Sasa mmoja wao akiwa hodari kupita wenzake, afanye nini? Mjini ni mwendo wa zaidi ya kilomita 50, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku kwa mazoezi ni pato zima la mvuvi mdogo. Njia iliyo wazi mbele yake ni kusubiri nafasi za ajira za vikosi zitangazwe, aombe, na aombewe dua. Akikosa, hurudi kwenye ngalawa, au hushika usukani wa boti ya watalii. Akipata, twampongeza kwa moyo wote. Ila kijiji kimempoteza. Klabu iliyomlea, iliyomnunulia viatu kwa mchango wa wavuvi, mara nyingi haipati hata mpira mmoja wa kuwafundishia wadogo zake.

Je, gharama hiyo imelinunulia taifa nguvu huko nje? Katika mabingwa wote wa misimu ile 12, hakuna hata mmoja aliyefika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. JKU ya 2024 ilitolewa mapema na Pyramids ya Misri, na ni kweli kwamba Pyramids ndio waliokuja kuwa mabingwa wa Afrika mwaka 2025, kwa hivyo hapo bahati nayo iliwapa kisogo. Lakini mwaka huo huo wa 2025 KMKM walitolewa na Azam ya Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho, na Azam ni klabu ya Feisal Salum, kijana wa Unguja aliyepita JKU kabla ya kwenda Yanga mwaka 2018 na kisha Azam mwaka 2023. Wapishi ni sisi, na karamu ni ya wengine.

Zamani haikuwa hivi. Small Simba, Malindi na Miembeni zilikuwa klabu za watu wa mitaa, na zote zimewahi kuwa mabingwa wa visiwa hivi. Malindi walitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1989 na tena mwaka 1992, mbele ya Simba na Yanga. KMKM nao walikuwa wameutwaa mwaka 1984, wakati ambapo walilazimika kuutoa jasho mbele ya wapinzani wa kila namna. Na ng'ambo ya pili ya bahari wafanya kazi walikuwa na timu zao: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi, na Pamba ya Mwanza iliyotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990. Mashirika na vyama vya ushirika vilipotikisika, na mengine kuuzwa, timu hizo zilianguka pamoja navyo. Pamba walirudi Ligi Kuu ya Bara mwaka 2024 tu, baada ya miaka mingi. Vikosi vilisalia kwa sababu serikali haiuzi vikosi. Huo ndio ukweli wa ubingwa wa 11 katika 12: wapinzani walikwisha njaa kabla ya kuingia uwanjani.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mabepari wenyewe wameliona hili mapema kuliko sisi. Katika ligi ile ya kikapu ya Marekani, nchi ambayo mwenye nguvu hupewa njia, timu zilizoshindwa vibaya ndizo hupewa nafasi za mbele katika kuchagua vijana wapya kila mwaka, na jumla ya mishahara ya kila timu imewekewa kikomo. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis, timu iliyokuwa imepoteza michezo 58 kati ya 82. Celtics hao hao, pamoja na sifa zao zote, walisubiri tangu 1986 mpaka 2008 kuonja ubingwa tena, na wa 18 wakaupata mwaka 2024. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Wenye timu wanajua kwamba mchezo ambao mshindi wake anajulikana tangu mwanzo haununuliwi tiketi.

Sisi hapa tumekwisha kuona jambo hilo kwa macho yetu. Mwezi wa Mei 2025 uwanja wa Amaan, uliofunguliwa upya Disemba 2023, ulipokea fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho baina ya Simba na RS Berkane ya Morocco, na watu walimiminika. Wangapi huja uwanjani hapo bingwa wetu wenyewe anapocheza? Na ilipotokea Januari 2024 Mlandege kuifunga Simba 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, ikiwa ni mara ya pili mfululizo kulitwaa, mji uliamka. Watu hawakuuchoka mpira wao. Wamechoka kuwa wageni ndani yake.

Twataka mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Kila kikosi chenye timu katika Ligi Kuu kishike klabu moja ya vijana shamba, kiipatie mwalimu na vifaa, na aanze yule aliyetwaa makombe mengi zaidi: KMKM wana vyombo vya bahari, na pwani ya Kizimkazi wanaijua. Pili, mashirika ya umma, na hoteli zilizozagaa katika pwani ya kusini, yaajiri wachezaji kwa mkataba wa kazi kama vikosi vinavyofanya, si kwa kugawa jezi siku ya tamasha. Tatu, ZFF iandike katika kanuni zake za usajili kwamba klabu ya kijiji iliyomlea mchezaji ilipwe anapochukuliwa na klabu ya Ligi Kuu, iwe ya kikosi au ya raia, na malipo hayo yathibitishwe kabla ya leseni ya mchezaji kutolewa. Hili la tatu halingoji bajeti. Linaweza kuanza katika dirisha la usajili lijalo.