Mabao Si Hesabu Yote ya Ushambulizi

Bao huonekana, hushangiliwa na huandikwa. Ndiyo maana ni jepesi kuhesabika. Lakini je, idadi ya mabao yatosha kutuambia ni nani aliyeshambulia vyema?

Tulitazame Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi. Mshambulizi wa kati wa Ufaransa, Olivier Giroud, alicheza katika mechi zote saba asifunge hata bao moja. Isitoshe, hakupiga hata mkwaju mmoja uliolenga goli. Kwa hesabu ya kawaida, huyo alishindwa na kazi. Hata hivyo, kocha Didier Deschamps alimwanzisha katika mechi sita mfululizo, na Ufaransa ikatwaa kombe kwa kuilaza Croatia 4-2. Giroud alikuwa akipambana na mabeki, akiutuliza mpira na kuwaachia nafasi Antoine Griezmann na Kylian Mbappé, waliofunga mabao manne kila mmoja. Wahenga hawakukosea: usione vyaelea, vimeundwa.

Wanatakwimu wamejitahidi kuliziba pengo hili. Kwanza walihesabu pasi zilizozaa mabao. Kasoro ni kwamba mfungaji akipaisha mpira juu ya mwamba, aliyempikia nafasi hapati chochote. Ndipo kikaja kipimo cha mabao ya kutarajiwa, ambapo kila mkwaju hupewa thamani kati ya 0 na 1 kulingana na jinsi mikwaju ya aina hiyo ilivyowahi kuingia wavuni. Penalti, kwa mfano, hukadiriwa kati ya 0.75 na 0.8. Kwa njia hii, mtoa pasi hupata sifa yake hata mwenzake akikosa.

Hata hivyo, kipimo hicho huanzia kwenye mkwaju. Mchezaji aliyekimbia pembeni akamvuta beki, bila kuugusa mpira, hana alama humo. Kamera za kisasa huweza kuzifuata mbio kama hizo, ila si kila timu iwezayo kuzigharamia.

Sisi tunaosomesha isimu twajua kwamba neno la mwisho halibebi maana ya sentensi nzima. Bao nalo ni neno la mwisho la sentensi iliyotungwa na wengi.

Jambo hili lawahusu walimu wa michezo kuliko wanavyodhani, kwa sababu kila kipimo hufundisha. Shule inayomtuza mfungaji pekee huwafunza vijana wote kupiga mpira langoni hata pale mwenzao aliposimama pazuri zaidi. Hatuna kamera, lakini tuna daftari na kalamu. Mwalimu na aandike pia nani aliyetoa pasi kabla ya pasi ya bao, na nani aliyewaondoa mabeki njiani. Takwimu hazina hila. Hujibu tu swali tuliloziuliza. Basi tujifunze kuziuliza maswali yaliyo bora.