Msiwanyang'anye Watoto Ndege Zao za Vita

Kuna kauli inayozunguka katika vikao vya wazazi hapa Rubavu, nayo hutamkwa kwa upole unaoifanya ionekane kuwa hekima: mtoto wa mji wa mpakani asiachwe kuunda ndege ya vita. Aunde gari, aunde nyumba, aunde hata ndege ya abiria. Lakini ile yenye makombora chini ya mabawa ivunjwe, kwa kuwa inamfundisha vita. Nimeisikia kwa walimu wenzangu, nimeisikia kwa wazee wa dini, na kila mara huungwa mkono kwa vichwa vinavyotikiswa polepole. Mimi naipinga. Naipinga nikiwa mwalimu wa lugha na mwalimu wa uraia, na ninamwomba ndugu msomaji anisikilize kabla hajanihukumu kuwa ni mpenda bunduki.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Mtoto wa Gisenyi huunda kiwiliwili cha ndege kwa bua la mtama, mabawa kwa kadibodi, magurudumu kwa soli ya kandambili iliyokufa, na mihimili kwa waya. Rangi yake ni mkaa uliosagwa, udongo mwekundu na chokaa, vikichanganywa na gundi. Huko Ulaya, Marekani na Japani kazi hiihii ni burudani ya watu wazima wenye kazi zao na familia zao. Hununua kikasha chenye vipande vya plastiki, huvikata kimoja kimoja, huvilainisha kwa msasa, huviunga, huvipaka rangi kwa brashi nyembamba kuliko unyasi, kisha hubandika alama za jeshi husika. Mtu anaweza kumaliza majuma mawili akibishana na nafsi yake kama rangi ya tumbo la ndege ilikuwa kijivu au samawati iliyopauka. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa Spitfire yake ya kwanza ya plastiki katika miaka ya 1950, na tangu hapo vizazi kadhaa vimekua na gundi vidoleni. Hakuna anayewaita wazee hao wachochezi wa vita. Kwa nini basi mtoto wetu, aliyetumia bua badala ya plastiki, aonekane hatari?

Jibu ninalopewa ni kwamba sisi tuko mpakani. Naam, tuko mpakani, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia.

Ndege wanayoiunda watoto wetu hawakuitoa katika filamu. Ni Sukhoi Su-25, iliyoruka kwa mara ya kwanza Februari 1975 katika Umoja wa Kisovieti. Iliundwa kwa kazi moja: kuruka chini na kuwashambulia walio ardhini. Rubani wake huketi ndani ya karai la titani linalomkinga na risasi zitokazo chini, na mabawa yake yana mihimili kumi ya kuning'inizia mabomu na roketi. Tarehe 7 Novemba 2022, ndege ya aina hiyo ya jeshi la Kongo iligusa ardhi kwa muda mfupi katika uwanja wetu wa Rubavu, kisha ikaondoka; Kongo ilieleza kuwa haikuwa na silaha na kwamba iliingia kwa bahati mbaya. Desemba mwaka huohuo Rwanda ililalamika tena kuwa anga yake imeingiliwa. Tarehe 24 Januari 2023, saa kumi na moja jioni, watu wengi wakiwa nje, ndege ya aina hiyohiyo ilifyatuliwa kombora juu ya miji yetu miwili, ikatua Goma ikiwa na moto. Kigali ilisema ndege ilivuka mpaka na hatua za kujihami zikachukuliwa. Kinshasa ilisema ndege ilikuwa katika anga ya Kongo, na kwamba kuifyatulia ni kitendo cha vita. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika ndani ya Goma, makombora yalivuka mpaka yakaua watu upande wetu.

Hayo mtoto ameyaona, au ameyasikia kwa mtu aliyeyaona. Mnataka asiyaunde kwa mikono yake. Ayapeleke wapi, basi? Mnadhani mkimvunjia kidude cha kadibodi, kile alichokiona angani kitavunjika nacho? Kitakachotokea ni kimoja tu: atajifunza kwamba jambo lile halisemwi mbele ya wakubwa, na ataenda kulisemea pasipo na mkubwa yeyote. Wahenga walishatuonya kuhusu mficha maradhi.

Lakini sitaki kuitetea kazi hii kama dawa ya moyo peke yake. Naitetea kwa sababu nyingine ambayo wazazi wengi hawaifikirii: inafundisha kuona. Huwezi kuunda ndege usiyoitazama. Injini ni mbili au moja? Mabawa yamekaa juu ya kiwiliwili au chini? Mkia una umbo gani? Mtoto aliyeunda Su-25 mara tatu hawezi kudanganywa kuwa ndege ya mizigo ya Antonov ni ndege ya kushambulia, wala hawezi kuletewa katika simu picha ya vita vya nchi nyingine akaambiwa kuwa ni ya jana hapa kwetu. Na sisi tunaoishi kando ya mpaka huu tunajua picha za namna hiyo huenda kwa kasi gani, na namna watu wazima, waliosoma, wanavyozisambaza bila kuuliza swali hata moja.

Serikali kubwa zililijua jambo hili mapema. Mwaka 1942 jeshi la wanamaji la Marekani liliziomba shule za nchi hiyo ziunde ndege za mfano 500,000, za aina 50, ili wanajeshi na raia wajifunze kutofautisha ndege ya adui na ya rafiki. Wanafunzi walizichonga kwa mbao na kuzipaka rangi nyeusi, maana kilichotakiwa ni umbo. Kipimo kilikuwa 1:72, yaani sentimita moja ya mfano ni sentimita 72 za ndege halisi. Ndege ya mfano iliyowekwa mita 10 kutoka kwa mwanafunzi ilionekana kama ndege halisi iliyo mita 720 angani.

Mpinzani wangu atarukia hapo aseme: "Umejifunga mwenyewe, mwalimu! Watoto wale waliingizwa vitani kupitia mlango wa darasa la useremala." Ni kweli, waliingizwa. Sitakana kwamba burudani hii ililelewa na majeshi, wala kwamba wapo wanaoipenda kwa sababu mbaya. Lakini tazama wengine walivyolishughulikia tatizo hilo. Sheria ya Ujerumani inakataza kuonyesha hadharani alama za Wanazi, hivyo vikasha vinavyouzwa nchini humo mara nyingi huja bila ule msalaba wao mkiani. Ndege yenyewe haikukatazwa. Mtoto wa Kijerumani anaweza kuunda Messerschmitt, na pale mkiani penye nafasi tupu atamwuliza babu yake kilikuwapo nini. Nafasi tupu inayoulizwa swali ina faida kuliko kabati tupu.

Upo pia mfano wa kinyume. Roy Cross, mchoraji mashuhuri wa vikasha vya Airfix, alizichora ndege zikiwa vitani, mabomu yakidondoka na moshi ukifuka. Baadaye, watu walipoanza kuona haya, picha zake zilifutwa mabomu na milipuko. Wakafuta moto, wakaiacha ndege ing'ae peke yake angani kana kwamba imetoka kutalii. Kwangu huo ndio uongo wenyewe. Na ninyi mnaotaka mtoto aunde ndege za abiria tu mnafanya jambo lilelile, ila ninyi mmefuta hata ndege.

Hapa sasa nageuka niwakemee wenye vikasha, maana wao nao nina neno nao. Ukifungua kikasha cha ndege ya vita utakuta mabawa, injini, mabomu, na mara nyingi mtu mmoja mdogo wa plastiki: rubani. Kwa kipimo cha 1:72 mtu mzima ana kimo cha sentimita 2 na kitu. Wamemkumbuka rubani, wamempa hata kofia na mikanda. Aliye chini hayumo. Katika ndege iliyoundwa makusudi kwa ajili ya walio chini, aliye chini hayumo kikashani! Mtu anaweza kuunda ndege mia moja za kushambulia, akazipanga katika kabati la kioo sebuleni, na asimuunde hata mtu mmoja wa kukimbia. Mtoto wa mita 1 na sentimita 20 angekuwa na urefu wa sentimita 1.7, kama punje mbili za mahindi. Si kwamba plastiki ilikuwa haba.

Na aliye chini ndiye ambaye historia ya Afrika Mashariki inamhusu. Machi 1979, katika vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilitumwa kuushambulia mji wa Mwanza ili kumwokoa Idi Amin. Ilikosa mji, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, yakaua wanyama kadhaa. Tu-22 inauzwa vikashani, ina urefu wa mita zaidi ya 40, na wapenzi wake huijua hadi rangi ya matundu ya injini. Waulize kuhusu Saanane.

Mtoto wetu anayo faida ambayo wale wenye makabati ya kioo hawana: yeye anaijua ndege akiwa chini yake. Anajua sauti inayotangulia, anajua mama aliyeacha kapu la nyanya barabarani, anajua geti lililofungwa. Wenzake wa Goma kwa miaka mingi walipanda na kuchezea mabaki ya ndege chakavu kando ya uwanja ule ambao lava ya Nyiragongo iliufunika sehemu mwaka 2002. Hawa si watoto wa kuhubiriwa kuwa ndege ya vita ni kitu kibaya. Tuwape nafasi waseme wanachokijua.

Niruhusuni neno moja la sarufi, maana ndiyo kazi inayonilisha. Kiswahili kina ndege wawili: ndege anayeruka, mwenye manyoya, na ndege inayoruka, yenye injini. Kinyarwanda kilichukua kwetu indege kwa ajili ya mashine tu. Mwenye manyoya kilikuwa kinamwita inyoni tangu zamani. Wanafunzi wangu huchanganya upatanisho huu wakaandika "ndege alipiga bomu," nami husahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini sentensi iliyosahihishwa, "ndege ilipiga bomu," ina kosa lake ambalo kalamu yangu hailioni: mashine haipigi. Kuna mtu aliyebonyeza, na juu yake kuna mtu aliyeamuru, na juu yake kuna ofisi iliyolipia mafuta. Mtoto anayeunda ndege na kulazimika kumweka rubani ndani yake yuko karibu zaidi na sentensi ya kweli kuliko mtangazaji wa redio.

Wengine huniambia: basi waunde droni za Zipline zinazopeleka damu hospitalini tangu mwaka 2016 kutoka Muhanga, ili wajivunie nchi yao. Na waunde! Ni kazi njema, na umbo lake ni rahisi. Ila msizitumie kufunikia ile nyingine. Mtoto mwenye droni ya damu mkono wa kulia na Su-25 mkono wa kushoto ana maswali mazuri kuliko mwenye mkono mmoja.

Ninachowaomba wakuu wa shule hakihitaji bajeti. Mabua yapo, kadibodi zinatupwa sokoni kila jioni. Kanuni ya kwanza iwe kwamba hakuna ndege itakayopokelewa bila jina, nchi, na mahali ilipopita. Kanuni ya pili, hakuna ndege itakayowekwa mezani kabla ya kuundwa watu wa chini yake: wauza ndizi, watoto wa shule, mwendesha chukudu, askari wa mpakani, kila mmoja kwa kimo chake sahihi. Na kwa kuwa meza haitatosha, tokeni nje. Kwa kipimo cha 1:72, kilomita moja ni karibu mita 14, hivyo uwanja wa kandanda unaweza kuzibeba sehemu za miji yetu miwili zilizo karibu na mpaka. Chukueni chokaa, mchore ufuko wa ziwa, mchore uwanja wa ndege wa Goma na wa kwetu, mchore Petite Barrière na njia ya kwenda Mbugangari. Kisha mmoja wao ainue ile ndege ya bua, yenye urefu wa sentimita 21 na kitu, atembee nayo kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na wengine wahesabu hatua.