Salaula haiko haya. Haya ni deni.

Ndugu vijana wa Kipushi, na ninyi wote wa Lubumbashi, Likasi na kwengine munaotusoma,

Leo hatuandiki juu ya barabara wala juu ya maji. Tunaandika juu ya nguo. Musicheke kwanza, musome mpaka mwisho.

Mwenzetu mmoja alikuwa apeleke dosye yake ya kazi. Diploma iko, barua iko, picha iko. Saa ikafika, hakutokea. Tulimupitia kwao, tukamukuta amekaa ku mulango, dosye iko ku magoti mu farde ya plastiki. Akatuambia: « Bayaya, ntavala nini? Kule batu banavala. » Siku ya mwisho ya kupokea dosye ikapita vile. Diploma haikumuangusha. Shati njo lilimuangusha.

Haiko yeye tu. Kuna wenzetu wasiokuja tena ku mikutano yetu, na ukiwauliza wanazunguka-zunguka, mpaka mwisho unasikia ni ileile: nguo. Na kuna wanaokuja wamevaa muzuri sana, lakini wamebeba deni. Basketi za mukopo, jinzi ya mukopo. Soli inaisha, deni bado linaishi.

Tunaujua muji wetu. Mugodi wa Kipushi ulifunguliwa mu 1924. Mu 1993 ukafungwa, na wazazi wetu wakabakia na nyumba za kampuni bila mushahara wa kampuni. Mu 2024, nyuma ya miaka 31, ukaanza tena kutoa zinki. Tulifurahi, na hatumuonei kijuba mutu aliyepata kazi. Lakini tangu pale kitu kimeingia katikati yetu: sasa tunapimana. Nani ako na bachi shingoni, nani ako na buti ya kazi, nani anavaa nini siku ya Yenga. Yule asiye na kazi anataka kufanana na yule aliye nayo, na njia ya mbio ni mukopo.

Musimamo wetu ni mufupi: kuvaa muzuri ni haki ya kila kijana, hata yule asiye na kazi. Lakini hakuna anayelazimika kuingia mu deni juu ya nguo, na hakuna anayelazimika kubakia nyumbani juu ya nguo. Salaula iko. Kinachotukosekana ni jicho na sindano.

Hii nguo ina historia na sisi

Jina lenyewe ni la majirani zetu. Kwa Kibemba, salaula ni kuchagua kwa kupekua mu rundo. Zambia wanasema vile, na sisi wa mupakani tunasema nao. Kenya na Tanzania ni mitumba, Uganda ni mivumba, Rwanda ni caguwa, Kinshasa utasikia tombola bwaka: inua, tupa. Majina ni mengi, mukono ni mumoja, ule unaoingia mu rundo kutafuta.

Kuna kitu vijana wengi hawakijui. Zamani, mbele ya uhuru, njia ilikuwa inaenda kinyume. Nguo za mitumba zilikuwa zinafika Congo ya Wabelgiji, na wachuuzi wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, walikuwa wanakuja kuzichukua kwetu na kuzivusha mupaka. Leo Zambia njo inatuletea. Basi yule anayesema salaula ni mambo ya umasikini wa leo, hajui. Hii biashara ilivalisha wababu pande zote mbili za mupaka.

Na mugodi ulipofungwa, nani alisimamisha nyumba nyingi hapa? Wamama. Mwenye kuuza maandazi, mwenye kuuza unga, mwenye kufungua baloti ya nguo. Wengi wetu tumesoma kwa franga za lile rundo. Ukiona haya ya salaula, unaona haya ya mama aliyekulipia shule.

Namna ya kuchagua

Tulikaa na wamama wanaouza, na wenzetu wanaojua kushona, tukawauliza. Haya njo walitufundisha.

Kwanza, saa. Ukitaka nguo ya muzuri, fika asubuhi siku baloti inafunguliwa, juu zile za kwanza zinaenda mbio na bei yake iko juu. Ukitaka bei ya chini, ngoja mangaribi, wakati mama anafunga meza na hataki kurudisha muzigo nyumbani. Ukienda katikati ya muchana unapata paka jua. Ni vilevile Kipushi, ni vilevile ku soko ya Kenya kule Lubumbashi.

Pili, mabega. Hii muikamate kabisa. Kiuno kinapunguzwa, urefu unakatwa, mukono wa shati unafupishwa, lakini mabega ya vesti ni kazi kubwa hata kwa mushonaji hodari. Vesti ikikaa sawa ku mabega, chukua. Isipokaa, acha, hata ikuite kwa jina. Na kama unasita kati ya ndogo na kubwa, twala kubwa. Kubwa inapunguzwa. Ndogo haiongezeki.

Tatu, geuza nguo ndani-nje. Angalia kwapa, kola, magoti, na pale katikati ya miguu. Inua kitambaa mbele ya jua: kama mwanga unapita kama mu chujio, kimechoka. Funga na kufungua tireti mara tatu. Vuta mushono kidogo kwa vidole viwili. Nusa. Harufu ya stoo inatoka kwa maji na jua, lakini doa la jasho la zamani halitoki.

Ine, soma kile kikaratasi cha ndani mbele ya kusoma jina la nje. Jina la nje linadanganya, mutu yeyote anaweza kulishona. Pamba inafuliwa na kupigwa pasi miaka na miaka. Nailoni nyingi inakupikisha jasho mu Oktoba na inayeyuka chini ya pasi ya makala.

Tano, nguo za ndani hatununui mu rundo. Nunua mupya, hata moja moja. Zingine zote: maji ya moto na sabuni, jua la siku nzima, halafu pasi ndani na nje, mbele ya kuvaa.

Namna ya kuigeuza iwe yako

Hapa njo pa utamu. Nguo imetoka ku rundo inafanana na mutu mwingine. Kazi yako ni kuifananisha na wewe.

Badilisha vifungo. Vifungo sita vinavyolingana vinafanya shati la kawaida kuonekana la duka. Kola imechakaa upande wa juu? Mushonaji anaifungua, anaigeuza, upande mupya unatoka nje. Wababu waliokuwa wanafanya kazi ku biro walijua hii. Patalo ni pana kama la mujomba? Lipunguzwe kutoka goti kwenda chini, usiguse juu. Jinzi imepasuka magoti? Kata, mutoto wa kike anashona sketi, na vipande vinavyobakia vinatoa mufuko wa kubeba vitabu. Shati kubwa la mwanaume, ukiongeza mukanda, ni robo.

Na kikwembe! Kila nyumba hapa iko na kipande cha kikwembe cha mama kisichotumika. Kipande kidogo mu kola, mu mufuko wa kifua, ku mwisho wa mikono, na ile vesti iliyotoka Ulaya inaanza kusema Kiswahili ya kwetu.

Hii haiko muchezo wa watoto. Kampala, mubunifu Bobby Kolade na nyumba yake BUZIGAHILL walianzisha mu 2022 kazi waliyoiita Return to Sender, yaani « Murudishie aliyetuma ». Wanachukua mivumba ya soko, wanaikata, wanaiunga upya, halafu wanaiuzia tena nchi zilizoitupa. Ile nguo iliyotumwa kama takataka inarudi kwao na bei ya kazi ya mukono wa Afrika. Kampala haina kitu chochote ambacho Kipushi hatuwezi kujifunza.

Yule mwenzetu wa dosye tulifanya naye hesabu. Shati 3.000, patalo 6.000, mushonaji 4.000 kwa vyote viwili, vifungo na sabuni 1.000. Jumla franga 14.000. Mukopo alioutaka kuchukua ulikuwa unapita ile mara sita.

Na wale wanaosema salaula inaua viwanda?

Tunawasikia, na wako na sehemu ya haki. Kalemie ilikuwa na Filtisaf, kiwanda cha kusokota na kufuma pamba. Leo mashine zake ziko kimya. Nguo za bei ya chini kutoka inje, kuukuu na mupya, zilibana viwanda vya Afrika, hatuwezi kukataa. Lakini kwetu kuna mengine yaliyopiga viwanda: zaïrianisation ya 1973, uporaji wa 1991, vita, umeme unaokatika, mukulima wa pamba aliyeachwa peke yake. Tusimutwike mama wa salaula makosa ya nchi nzima.

Tuangalie jirani. Mu 2016 Rwanda ilipandisha kodi ya mitumba kutoka dola 0,20 mpaka dola 2,50 kwa kilo, ili kulinda viwanda vyake. Mu 2018 Marekani ikasimamisha ruhusa ya nguo za Rwanda kuingia kwake bila kodi. Na ku mipaka, caguwa ikaanza kuvuka kwa siri kutoka upande wa Congo. Nchi yetu nayo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022, na haya mazungumuzo yatatufikia. Siku yatafika, sauti yetu ni hii: kwanza mushonaji apate umeme, kitambaa cha hapa na soko. Nyuma ya pale tuzungumuze kufunga mulango. Ukifunga mulango mbele ya kujenga nyumba, unawaacha watu uchi.

Tunachoomba, na tunachofanya

Kwa wenye mamlaka, tunaomba mambo matatu.

Moja: kila mama wa soko anayelipa kodi apewe karatasi yenye muhuri na kiasi alicholipa. Kulipa mara tatu kwa siku moja kwa watu watatu tofauti, bila karatasi, haiko kodi.

Mbili: ku mupaka wa Kipushi, bei zote za kuvusha muzigo mudogo ziandikwe ukutani, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, mahali mama anaweza kuzisoma mbele ya kuingiza mukono mu mufuko.

Tatu: kushona kurudi mu foaye. Wakati wa Union Minière na wa Gécamines, wababibi zetu walijifunza sindano na mashine kule. Vijana wa leo, wa kike na wa kiume, wako na haki ya ile.

Sisi wenyewe hatungoji. Posho inayokuja tunaanza salongo ya sindano. Kila mumoja alete nguo moja aliyoiacha juu imepasuka au haimukai, pamoja na uzi, na aliye na makasi alete. Wanaojua kushona watafundisha wasiojua. Atakayepata nguo nzuri isiyomukaa atamupa mwenzake. Na tumefungua sanduku: mashati mawili, patalo mbili, robo mbili na vesti moja, safi, zimepigwa pasi. Ni za kukopa bila franga, kwa yeyote anayeenda kupeleka dosye, kufanya mutihani au kusimama mbele ya wakubwa kusema haki yake. Unavaa, unafua, unarudisha. Hatuandiki jina lako popote na hatuulizi.

Mwenzetu wa farde ya plastiki? Nafasi ile ilipita. Ikaja nyingine, akaenda, na shati lake la 3.000 lenye vifungo vipya na kipande cha kikwembe cha mama yake mu mufuko wa kifua. Kazi hajapata bado, hatutawadanganya. Lakini dosye iko ndani, na deni hana.

Kijana wa Kipushi, usibakie nyumbani juu ya nguo. Kuja namna uko, na ulete sindano.