Mzungu Huhama, Mweusi Hutoroka

Mwaka 2008 kijana mmoja mzaliwa wa Nairobi, aliyefundwa baiskeli ya mashindano na David Kinjah kule Kikuyu, aliachana na leseni ya Kenya akachukua ya Uingereza. Miaka miwili nyuma alikuwa amevaa jezi yetu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Huyo ni Chris Froome. Aliposhinda Tour de France mwaka 2013, kisha 2015, 2016 na 2017, tulipigana vikumbo kumdai. Mzaliwa wa Nairobi huyo! Kijana wa Kinjah huyo! Sikusikia kiongozi hata mmoja akitamka neno usaliti.

Sasa tumtazame Stephen Cherono. Agosti 2003, Mkeiyo huyu wa miaka 20 alichukua uraia wa Qatar na jina jipya, Saif Saaeed Shaheen. Mwezi huohuo mjini Paris akatwaa dhahabu ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Ezekiel Kemboi akaambulia fedha, na ndugu yake wa damu, Abraham Cherono, alikuwa katika fainali hiyohiyo na jezi ya Kenya. Nchi ikachemka. Msaliti. Kibaraka. Mtu wa kununuliwa kwa mafuta. Mwaka uliofuata aliweka rekodi ya dunia Brussels, 7:53.63, na haikuvunjwa hadi Juni 2023. Olimpiki ya Athens hakuikanyaga, kwa sababu kanuni zilimtaka asubiri miaka 3 na Kenya, iliyokuwa na uwezo wa kumlegezea, ilikataa katakata. Medali zote tatu za mbio hizo zikaja kwetu, tukashangilia kwa mbwembwe za bondia aliyeshinda baada ya kumfungia mpinzani wake chooni.

Sitamung'unya maneno: kinachowatenganisha wawili hawa machoni petu ni rangi.

Utaniambia baiskeli si riadha, kwamba hakuna aliyejali baiskeli mwaka 2008. Kweli. Lakini kufikia 2013 dunia nzima ilikuwa ikimtazama, na nafasi ya kumtukana tulikuwa nayo tele. Utaniambia pia kwamba Froome ana asili ya Uingereza, kwa hiyo alikuwa anarudi kwao. Hapo ndipo ninapokutaka! Ina maana mzungu aliyezaliwa hapa, akalelewa hapa, ana kwao pawili na achague apendapo. Mtoto wa Keiyo ana mahali pamoja tu, na akiondoka ameiba kitu. Ameiba nini? Miguu yake mwenyewe.

Wamarekani waliyaonja haya Julai 2010. Nyota wa mpira wa kikapu LeBron James alikuwa amemaliza mkataba wake na Cleveland Cavaliers, hakuwa na deni la mtu, akatangaza kwenye televisheni kwamba anakwenda Miami. Mashabiki wakachoma jezi zake barabarani. Mmiliki wa timu, Dan Gilbert, akaandika barua ya hasira kana kwamba ameibiwa, na mchungaji Jesse Jackson akamjibu kwamba anaandika kama bwana aliyetorokwa na mtumwa. LeBron mwenyewe alipoulizwa baadaye kama rangi ilichangia hasira ile, alikubali. Wengi walimcheka Jackson kwa kutia chumvi. Mimi niliielewa kauli yake papo hapo. Nimezaliwa Isiolo, na hapa tunajua namna dola inavyomtazama mtu kama mali yake bila kumkubali kuwa mwanawe.

Usiku wa tarehe 6 Agosti 2024 nilikuwa katika hoteli moja ya Bulapesa, hapa Isiolo, televisheni imetundikwa juu ya jokofu, watu wamebanana kwenye mabenchi na chai ya maziwa ya ngamia. Fainali ya wanawake, viunzi na maji, Olimpiki ya Paris. Winfred Yavi, msichana wa Makueni anayekimbia na jezi ya Bahrain, alichomoka mwishoni akamaliza kwa 8:52.76, rekodi ya Olimpiki. Peruth Chemutai wa Uganda wa pili, Faith Cherotich wetu wa tatu. Karani mmoja aliyehamishiwa hapa kutoka kusini akapiga meza: "Msaliti! Amenunuliwa na Waarabu, hata jina watambadilisha awe Fatuma!" Watu wakacheka. Mwenye hoteli, ambaye jina lake, la babake na la babu yake ni ya Kiarabu matatu mfululizo, aliendelea kumimina chai bila kuinua macho.

Msomaji, hebu ipime kauli ile mahali iliposemewa. Katika mji ambao nusu ya daftari la darasa ni akina Fatuma, Abdi, Halima na Hassan, jina la Fatuma linatumika kama ushahidi kwamba mtu ameacha kuwa Mkenya. Cherono aliposajiliwa kama Shaheen, vichekesho vyote vilikuwa juu ya jina. Kuhusu uraia wa Qatar, mshahara, au kwa nini Kenya haikumtunza, watu hawakuwa na hamu. Jina! Na kila kichekesho kilipita juu ya kichwa cha Cherono kikatuangukia sisi. Yavi, kwa taarifa ya yule karani, hakubadilisha jina hata herufi moja.

Na sisi wenyewe si malaika. Katika mji huuhuu wapo wanaomwita Mmeru au Mturkana "nywele ngumu" na kudhani wamesema utani, kama vile Nairobi wanavyotuita "warya" na kungoja tucheke. Anayeuza hiyo sumu rejareja sokoni Isiolo asilalamike akiuziwa kwa jumla huko Nairobi.

Turudi kwa dola. Wakoloni waliifunga kaskazini yote, wakaweka kizuizi barabarani hapa Isiolo, na kwa miaka mingi mtu wa Marsabit au Moyale akisafiri kwenda Nairobi alisema anakwenda Kenya. Baada ya uhuru ikaja vita ya shifta, na Waborana wa Garba Tulla na Merti wakasukumwa kwenye kambi, mifugo yao ikateketea. Wazee wetu huita zama zile Daaba. Novemba 1989 serikali ikaamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wapigwe msasa upya, waliofaulu wapewe kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho. Humu mjini wamo wajukuu wa wanajeshi Wasomali wa ukoo wa Isaaq walioachwa hapa na Waingereza baada ya kuwapigania katika Vita Vikuu vya Kwanza. Karne nzima baadaye, mjukuu akienda kuomba kitambulisho aliketishwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa aeleze babu yake alizikwa wapi. Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kwamba msasa huo wa ziada umekoma. Shukrani. Nimemwona kijana aliyemaliza kidato cha nne akikaa nyumbani miaka akingoja karatasi ile. Hakuweza kufungua akaunti ya benki, hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake.

Ndiyo maana ninapomsikia mtu wa Nairobi akihubiri uzalendo kwa mkimbiaji, damu inanichemka. Hesabu ya damu ambayo kwa Froome ilikuwa ruhusa ya kuondoka, kwetu ilikuwa sababu ya kutiliwa shaka tukiwa tumekaa palepale tulipozaliwa. Abdi wa Isiolo akibaki, anaulizwa ametoka wapi. Cherono wa Keiyo akiondoka, anaulizwa anakwenda wapi. Anayeuliza ni yuleyule.

Tena uzalendo huu hudaiwa na nani? Na maofisa! Mwaka 2016, Julius Yego, bingwa wa dunia wa mkuki, alifika uwanja wa ndege kwenda Olimpiki ya Rio akakuta hana tiketi. Sare za wanariadha zikafichwa, fedha za safari zikatafunwa. Septemba 2021 mahakama ilimtia hatiani aliyekuwa waziri wa michezo, Hassan Wario, ikampiga faini ya shilingi milioni 3.6 au kifungo cha miaka 6. Stephen Soi, aliyeongoza msafara, akapigwa faini ya zaidi ya milioni 100. Wario ni mtu wa kaskazini, jirani yetu kabisa, na nilimwonea haya kuliko ambavyo ningemwonea mtu wa mbali. Hata hivyo, hakuna aliyechoma picha za hao. Msaliti akabaki kuwa Ruth Jebet, ambaye kwenye Olimpiki hiyohiyo alijishindia dhahabu kwa jasho lake akiwa na jezi ya Bahrain.

Kuna unafiki mwingine unaonikera kuliko huo. Ndege inayompeleka mkimbiaji Ghuba inawapeleka pia mabinti wa Isiolo, Garissa na Kakamega kwenda kufua na kulea watoto wa watu Riyadh na Doha. Wengine hurudi na makovu, wengine hurudi ndani ya sanduku. Hao serikali haiwaiti wasaliti. Inawapa leseni mawakala, mawaziri wanatamba kwamba nafasi za kazi za ng'ambo zimepatikana, na Benki Kuu inahesabu dola: mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9. Kwa hiyo Mwafrika mweusi akienda kwa Mwarabu kuosha vyombo ni sera ya taifa, na akienda kwa Mwarabu huyohuyo kusimama jukwaani apigiwe wimbo, ni utumwa? Kinachowauma si utumwa. Kinachowauma ni wimbo.

Hilo neno utumwa nalo lisitupwe ovyo, hasa na watu wa pwani na bara ambao mababu zao waliijua minyororo yenyewe. Mtumwa hakutia saini, hakupokea mshahara, hakurudi Iten kujenga nyumba ya ghorofa. Tunapomwita Shaheen mtumwa, tunasema kwamba mweusi hawezi kufanya biashara na Mwarabu akiwa mtu mzima mwenye akili zake. Hayo ni matusi kwa mweusi kabla hayajamfikia Mwarabu.

Wala sipigi zumari la Doha au Manama. Yavi alikwenda Bahrain akiwa bado hajafikisha miaka 17, na biashara ya watoto naipinga bila kigugumizi. Shirikisho la riadha la dunia lilipositisha uhamisho wa wanariadha Februari 2017, kisha mwaka 2018 likaweka sharti la kusubiri miaka 3 na umri usiopungua 20, lilifanya la maana. Na mtu asidhani uraia wa kununuliwa una mizizi. Leonard Mucheru alichukua uraia wa Bahrain akaitwa Mushir Salem Jawher. Januari 2007 alikwenda Israeli akashinda mbio za marathoni za Tiberias, na Bahrain, kwa hasira ya kwamba ameshindana katika nchi ya Waisraeli, ikatangaza kumvua uraia. Kwa sheria za Kenya za wakati ule, Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa kwingine aliupoteza wa kwao; uraia pacha tuliupata na Katiba ya 2010. Bingwa wa marathoni, kombe mkononi, hana kwao kokote. Walioona kisa hicho Nairobi walisema yamemkuta. Hapa Isiolo tulikielewa bila kuelezwa, maana wako waliozaliwa ndani ya mji huu wakaishi hivyo bila kukimbia hata hatua moja.

Najua nitajibiwa kwamba mtu wa kaskazini hana adabu ya kufundisha wengine kupenda nchi. Hewala. Basi niwaambie nitakachofanya. Asubuhi na mapema, kwenye barabara ya kuelekea Archer's Post, wapo vijana wanaokimbia, wengine na viatu vilivyoshonwa kwa uzi wa gunia. Mmoja wao akiwa na mbio za kweli, atatokea wakala wa kumtaka. Akiniletea mkataba, nitaketi naye nimsomee kipengele kwa kipengele. Nitamwambia adai pasipoti ikae mfukoni mwake na si kwa meneja. Aulize mshahara unakoma lini akiumia goti, na nani atalipa hospitali. Adai hela za ushindi ziandikwe kwa tarakimu na kwa tarehe, kwa sababu iliwahi kuripotiwa kwamba hata Jebet alikaa akingoja malipo yake baada ya dhahabu ya Rio. Kisha nitampeleka kwa wakili Meru, nauli juu yangu. Kama anaipenda Kenya sitamuuliza. Swali hilo wazee wa kamati walikwisha kumuuliza siku alipokwenda kuchukua kitambulisho, wakamtaka arudi wiki ijayo na cheti cha babu.