Binti mfupi ambaye hajavunja ungo

MAMA mmoja wa Keroka anauliza hivi: "Binti yangu ana miaka 17. Ni mfupi kuliko mdogo wake wa miaka 11, matiti hayajaota na hajaona hedhi. Shemeji zangu wanasema amerogwa. Nifanye nini?"

Mama, mpeleke hospitalini, si kwa mganga. Wala usikubali kuambiwa ungoje zaidi. Msichana ambaye matiti hayajaanza kuota afikapo miaka 13, au hajapata hedhi afikapo 15, apaswa kupimwa.

Sababu ni nyingi, utapiamlo na maradhi ya muda mrefu yakiwemo. Lakini ufupi na kukosa hedhi vikiandamana, daktari hana budi kufikiria hali iitwayo Turner, kwa jina la Henry Turner, daktari wa Marekani aliyeieleza mwaka wa 1938. Humpata msichana mmoja katika kila 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Kwa kawaida mwanamke ana kromosomu mbili za X. Mwenye Turner ana moja iliyo kamili. Ya pili haipo au ina kasoro. Hali hii hutokea yenyewe mtoto anapoanza kuumbika. Si kosa la mama, la baba, wala la jirani.

Ovari zake huacha kazi mapema, basi homoni ya estrojeni hukosekana. Mara nyingi tumbo la uzazi lipo, ila ni dogo. Akipewa estrojeni kidogo kidogo, kisha projesteroni, matiti huota na hedhi huja. Dawa hizi si za urembo tu. Bila estrojeni mifupa hudhoofika na kuvunjika upesi.

Hata hivyo, hedhi iletwayo na dawa haimaanishi kwamba mayai yapo. Wachache hushika mimba wenyewe. Wengine huhitaji yai la mwanamke mwingine. Na kabla ya mimba yoyote ni lazima moyo upimwe, kwani mshipa mkuu wa damu waweza kupasuka. Figo, masikio na shinikizo la damu pia huchunguzwa.

Tusidhani kila mwanamke mfupi yuko hivyo. Mwenye akondroplasia, yaani mikono na miguu mifupi sana tangu kuzaliwa, kwa kawaida hupata hedhi na hushika mimba kama wengine. Huyu ahitaji ushauri wa kupanga uzazi, na akijifungua huwa ni kwa upasuaji, kwa kuwa nyonga zake ni nyembamba. Muuguzi asimpuuze akidhani hana mume.

Anza na hospitali ya hapo Keroka, uombe barua ya kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Uliza kuhusu picha ya tumbo la uzazi, kipimo cha homoni na kipimo cha damu cha kuhesabu kromosomu. Uliza na bei mapema.

Majibu yakitoka, ayasikie binti mwenyewe kwanza, kabla ya shemeji. Wengi wenye Turner wana akili timamu, husoma na hufanya kazi. Na siku akichumbiwa, mwenye habari hiyo ni yeye. Asije akaitwa tasa na watu ambao hawakuwahi kuuliza.