Kompyuta Yenye Usingizi Mzito

Haya msomaji wangu, leo mapenzi tuyaweke kando kidogo, tuongee pesa. Kuna dada ana steshenari mtaani kwetu. Asubuhi anawasha kompyuta, anafagia nje, anarudi, kwenye kioo kiduara bado kinazunguka tu. Mteja wa kuchapa barua keshahamia kwa jirani! Fundi kamwambia anunue mashine mpya. Kwa hela ipi jamani?

Kabla hujakopa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows 10 au 11 litafunguka dirisha, tafuta palipoandikwa Startup. Hapo utazikuta programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi: ya muziki, ya simu za video, hata ya printa uliyokwisha kuiuza. Isiyo na kazi, ichague kisha bonyeza Disable. Haifutiki bwana, siku ukiitaka utaifungua mwenyewe. Antivirusi iache palepale, usitafute balaa.

Kwa yule dada tulizima tisa. Afadhali ikaja, lakini bado. Kumbe ndani mlikuwa na diski ya kizamani, ile ya sahani inayozunguka, nyingi za laptop ni mara 5,400 kwa dakika, huku kichwa kikihangaika huku na kule kutafuta mafaili. SSD haina kinachozunguka, ndiyo maana inasoma chapchap, na bei yake huwezi kuifananisha na ya kompyuta nzima. Ila kazi zako zote zinakili kwenye flashi kabla fundi hajashika bisibisi.